Somo: Sungura Asiyetaka Nyasi Kavu, na Jinsi ya Kumzoesha Majani Mapya

Ndugu wanachama, habari zenu. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote kwa wanaofuga sungura nyumbani ni hili: "Sungura wangu hali nyasi." Ukiuliza anakula nini basi, unaambiwa bakuli la peleti (chakula cha dukani kilichoshindiliwa kuwa punje) hujazwa asubuhi na jioni, karoti mchana, na kipande cha ndizi akionekana mnyonge. Sungura huyo ameshiba, ndiyo maana nyasi hazimshughulishi. Kwa hiyo somo hili halina dawa ya kumtia hamu. Linahusu mpangilio wa chakula: kipi kitangulie, kipi kifuate na kipi kipunguzwe.

Kwanza tuelewane kwa nini nasisitiza. Meno ya sungura, ya mbele na magego pia, hayaachi kuota maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Mwangalie akitafuna bua refu la nyasi: taya la chini linakwenda upande kwa upande, haraka haraka, huku bua likiingia mdomoni kidogo kidogo hadi linaisha. Msuguano huo ndio unaosaga magego. Peleti huvunjwa kwa kubana tu, mara chache, kisha inamezwa. Ndiyo sababu sungura wa peleti tupu huishia kuwa na magego yenye ncha zinazochoma ulimi na mashavu.

Tumboni nako, nyuzinyuzi ndefu ndizo zinazosukuma utumbo uendelee kutembea. Sungura hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia lazima kipite. Utumbo ukipunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu huanza, hamu ya kula hukatika, na utumbo huzidi kulegea. Kwa hiyo nyasi ziwe kama asilimia 80 au zaidi ya anachokula sungura mkubwa, yaani aliyekomaa, na zisikosekane usiku wala mchana.

HATUA YA KWANZA: Kagua kama anaweza kula

Kabla hujabadilisha chochote, hakikisha tatizo si maumivu. Yupo sungura anayesogelea nyasi, ananusa, anachukua bua moja, analitafuna kidogo na kuliangusha. Huyo anataka kula, mdomo ndio unaomkatalia. Dalili nyingine ni udenda unaolowesha kidevu na kifua, jicho linalotoa machozi muda wote, na kupenda vitu laini tu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua sungura, amwangalie magego kwa kifaa. Ukimfungua mdomo mwenyewe utaona meno ya mbele tu, na hayo yanaweza kuwa mazuri kabisa huku ya nyuma yakiwa yameharibika.

HATUA YA PILI: Punguza peleti, polepole

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanapopaogopa kwa sababu ya huruma. Kipimo kinachotumika sana kwa sungura mkubwa ni gramu 25 za peleti kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na hicho ni kikomo cha juu. Tumia mizani ya jikoni. Kikombe na kiganja vinadanganya.

Kama sasa anapata mara mbili au tatu ya hapo, teremsha kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Kama anakula mchanganyiko wa nafaka na vipande vya rangi rangi, anza kumbadilishia awe kwenye peleti za aina moja, maana katika mchanganyiko huchagua vitamu na kuacha vyenye nyuzinyuzi. Mpime uzito kila wiki, siku ileile, na uandike. Kupungua taratibu kwa sungura mnene si jambo la kuogopa. Kushuka ghafla ni ishara ya kusimama na kuuliza daktari.

Nawaomba sana: msimnyime kila kitu mkisema njaa itamfundisha. Sungura mnene akikaa bila kula, mafuta hukimbilia ini na anaweza kufa. Sungura yeyote ambaye hajala wala kunya kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Usingoje kupambazuke.

HATUA YA TATU: Chunguza nyasi zenyewe

Chukua konzi moja, ipeleke puani. Nyasi nzuri zina harufu tamu ya shamba, rangi inayoelekea kijani, mabua marefu yaliyochanganyika na majani. Zikinuka uvundo, zikiwa na madoa meusi au meupe ya ukungu, au zikitoa wingu la vumbi, tupa. Sungura anayekataa nyasi za namna hiyo ana akili timamu.

Zihifadhi pakavu, zimeinuliwa kutoka sakafuni, kwenye gunia au boksi linalopitisha hewa. Nailoni iliyofungwa kabisa hufungia unyevu na kuleta ukungu. Zikung'ute vumbi nje kabla ya kumpa.

Pia jaribu aina tofauti. Zipo nyasi laini zenye majani mengi, na zipo ngumu zenye mabua na masuke, kama timothi au oti iliyovunwa na kukaushwa kabla punje hazijakomaa. Sungura ana ladha yake. Mimi huchanganya aina mbili, ili moja ikibadilika siku ya kununua mpya asigome.

HATUA YA NNE: Ziweke anapokaa, si unapopenda wewe

Sungura hula huku akinya. Ndivyo alivyo. Kwa hiyo weka kihori cha nyasi kwenye ukingo wa beseni lake la choo, ili akikaa pale mdomo ukutane na nyasi. Badiliko hili peke yake limewasaidia wengi niliowashauri. Kihori kisiwe juu sana. Kwa asili yeye hula kichwa kikiwa chini, na kikiwa juu vumbi humwingia machoni. Ongeza na rundo jingine sakafuni, na jingine ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, avute mwenyewe.

HATUA YA TANO: Saa

Sungura huchangamka alfajiri na machweo. Asubuhi mpe nyasi mpya kabla ya kitu kingine chochote, peleti zingoje jioni. Na kila unapopita, geuza zile nyasi au ongeza konzi juu. Sungura wengi hurudi kula zikitikiswa tu, maana harufu huamka. Unaweza pia kufikicha mnanaa mkavu au rehani kavu ndani ya nyasi, au kumwaga zile peleti zake za jioni humo badala ya bakulini, ili azitafute huku akitafuna mabua.

HATUA YA SITA: Majani mapya

Sungura huogopa chakula asichokijua, na uoga huo unamlinda. Kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto wa sungura hupendelea chakula alichokula mama yao akiwa na mimba au akinyonyesha. Harufu huwafikia tumboni, kwenye maziwa, na hata kwenye vipande vya kinyesi ambavyo mama huviacha kiotani. Maana yake, jani likishazoeleka puani, mdomo hufuata. Tumia hilo.

Chagua jani moja tu: giligilani, mnanaa, rehani, majani ya karoti, au dandelioni (gugu lenye maua ya manjano). Lioshe, likung'ute maji, kata kipande kidogo. Siku ya kwanza lisugue kwenye nyasi zake na uliache hapo. Asipoligusa, liondoe likinyauka, rudia kesho. Usimsukumie mdomoni. Akishakula, ngoja saa 24 na utazame kinyesi kabla ya kuongeza. Kikibaki cha mviringo, kikavu, kikubwa na chenye nyuzi ukikivunja, endelea. Ukianzisha matatu kwa mpigo na tumbo likaharibika, hutajua lipi limemdhuru.

Chuma mahali ambapo hapajapulizwa dawa, mbali na barabara na pasipo na haja za mbwa. Usimpe nyasi zilizokatwa kwa mashine ya bustani. Husagika, hupata joto na kuchacha. Na haya ni marufuku: majani ya nyanya na viazi mviringo, majani na tunda la parachichi, vitunguu vya aina zote, lantana, na jani lolote usiloweza kulitaja jina.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, wangu anavuta nyasi zote, anachagua majani, mabua anayalalia. Nimwache mpaka amalize ndipo nimpe nyingine?

Jibu: Hapana, dada. Kuchagua ni kawaida yake, na hasara kidogo haiepukiki. Zilizokojolewa ondoa, kavu zirudishe juu pamoja na mpya. Ukimlazimisha amalize mabua, atapunguza kula kwa jumla, na hapo umepoteza zaidi ya ulichookoa.

Swali: Watoto wa wiki nane, niwape lusene?

Jibu: Wape, pamoja na nyasi za kawaida tangu mwanzo. Lusene, yaani alfalfa, ina protini na kalsiamu nyingi, inafaa mwili unaokua. Kuanzia miezi sita hivi ipunguze hadi uiondoe, kwa sababu kalsiamu inayozidi hutoka kwa mkojo na inaweza kuganda kibofuni kama tope. Kwa umri wa wiki nane usibadilishe chakula ghafla, tumbo lao ni jepesi kuharibika.

Swali: Nimeanza kumpa giligilani, sasa naona vishada vya kinyesi laini, cheusi, kinachong'aa. Anaharisha?

Jibu: Hapana, huo si mharo. Ni kile kinyesi laini anachotakiwa kukila moja kwa moja kutoka nyuma, chenye virutubisho vilivyoandaliwa kwenye utumbo mpofu, ule mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Akikiacha sakafuni, mara nyingi ni kwamba anapata vitu vitamu au peleti kuliko mahitaji yake. Simamisha giligilani kwa siku kadhaa, punguza peleti, nyasi ziwe tele, kisha jaribu tena kipande kidogo. Akiendelea kukiacha, angalia unene wake na mgongo: mnene au mwenye maumivu ya viungo hawezi kujikunja akifikie. Kikiwa maji matupu, usijaribu chochote nyumbani. Daktari, leo hii.

Swali: Nina bustani ya majani mabichi. Si nimpe hayo tu, niachane na nyasi kavu?

Jibu: Inategemea unasema majani gani, kaka. Nyasi mbichi zilizokatwa kwa mkono ni chakula kizuri sana, zinasaga meno vilevile, na akizizoea taratibu anaweza kula nyingi. Mboga za majani mapana ni jambo jingine: sehemu kubwa ni maji, nyuzinyuzi ndefu hakuna. Ataonekana ameshiba huku magego yakikosa kazi. Hata ukiwa na nyasi mbichi, kavu ziwepo usiku.

Swali: Nyasi zinanipigisha chafya mimi, macho yananiwasha. Nifanyeje?

Jibu: Kung'uta nje ukiwa umevaa barakoa, au mwombe mwenzako wa nyumbani afanye. Zipo nyasi zilizoshindiliwa kuwa vipande, zina vumbi dogo, lakini mabua yake yamekatwa mafupi. Zitumie kusaidia, zile ndefu zisitoweke kabisa.

Swali: Wangu ana miaka saba, hajawahi kula nyasi. Bado kuna matumaini?

Jibu: Yapo. Anza na daktari, maana kwa umri huo na chakula hicho sitashangaa magego yakihitaji kusawazishwa kwanza. Baadaye fuata hatua zilezile, ila peleti zipunguze kwa miezi badala ya wiki, na anza na nyasi laini zaidi utakazopata. Kama una sungura mwingine wanayepatana na anakula vizuri, walishe pamoja kwenye kihori kimoja. Akimwona na kumsikia mwenzake anatafuna, naye husogea.