Gusa, Shikilia, Shusha: Fokasi na Mwanga kwenye Kamera ya Simu

Ukigusa kioo cha simu kabla ya kupiga picha, unatoa amri mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni fokasi, yaani mahali picha inapotoka kali, ikae hapa. Ya pili, ambayo wengi hawana habari nayo, ni mwanga wa picha nzima upimwe kutoka hapa. Simu inatii zote mbili. Ndiyo maana unamgusa rafiki yako aliyesimama kivulini, uso unatoka safi kabisa, halafu mbingu iliyo nyuma yake inabaki nyeupe tupu. Kamera haina ubovu wowote. Imefanya ulichoiambia.

Mimi hupiga picha za watu: sherehe, picha za wasifu, watoto wasiotulia. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya kwa simu. Anayeniomba nimfundishe huja akitarajia nimpe orodha ya mipangilio ya kukariri. Simpi. Namfundisha kuzitenganisha amri hizo mbili, basi.

Ila kabla ya yote, futa lenzi. Mafuta ya vidole huzifanya taa zitoe miali na picha ionekane kama imepigwa ndani ya moshi, na hapo uguse kioo mpaka kesho, haitasaidia. Kitambaa cha miwani kinatosha.

Fokasi

Gusa unachotaka kionekane vizuri. Kitatokea kiboksi au kiduara. Subiri kitulie ndipo upige, maana lenzi inahitaji muda kidogo kusogea mahali pake, na wengi hugusa na kupiga papo hapo.

Uguse wapi? Kama ni mtu, gusa jicho. Akiwa amegeuka upande, gusa jicho lililo karibu na kamera. Simu nyingi hutambua nyuso zenyewe, lakini wakiwa watu watatu kwa umbali tofauti, simu itamchagua inayemtaka yenyewe, si unayemtaka wewe. Usiiachie.

Kamera inapotafuta fokasi, inatafuta mahali ambapo mwanga na giza vinakutana: ukingo wa kola, mshono, herufi, kope. Ukiigusisha ukuta mtupu au shuka jeupe, itahangaika mbele na nyuma bila kutulia. Basi usilazimishe. Gusa ukingo ulio umbali uleule. Nikipiga nguo ya rangi moja, nagusa kifungo.

Kuna umbali ambao chini yake lenzi kuu haioni kitu, na simu nyingi mpya zenye sensa kubwa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) zinataka sentimita 15 hadi 25 hivi. Ukitaka kupiga pete, usiisogeze simu mpaka iguse kidole. Rudi nyuma, vuta kwa zumu mara mbili, gusa pete. Baadhi ya simu, kwa mfano iPhone za Pro kuanzia 13 Pro ya mwaka 2021, zikikaribia kitu huhama zenyewe kwenda kwenye lenzi pana zaidi, na utaona picha ikiruka ghafla kwenye kioo. Alama ya ua ikijitokeza, ujue ndicho kilichotokea. Unaweza kuigusa kuizima.

Sasa kufunga. Bonyeza sehemu unayoitaka na ushikilie bila kuachia. Kwenye iPhone yatatokea maneno AE/AF LOCK juu ya kioo, na kwenye Samsung na nyingine nyingi utaona alama ya kufuli. Kuanzia hapo fokasi na mwanga vimesimama, hata kikipita kitu gani mbele yako. Mtoto anayebembea nampata kwa njia hiyo: nafunga fokasi kwenye kiti cha bembea kikiwa kimesimama, kisha anapanda, nami namsubiri apite palepale. Kumbuka kilichofungwa ni umbali. Ukisogea hatua moja mbele, umeuharibu, ufunge upya. Kuifungua, gusa popote pengine.

Kwenye video, kufunga ni lazima, na hapa sina mjadala. Usipofunga, mwenye shati jeupe akikatiza mbele, picha yote itaingia giza kisha irudi kung'aa taratibu, na hakuna namna nzuri ya kulisahihisha hilo baadaye.

Mwanga

Baada ya kugusa, tafuta alama ya jua kando ya kiboksi. Kwenye iPhone, telezesha kidole juu kuongeza mwanga, chini kupunguza. Kwenye Samsung utakuta mstari mfupi wa kutelezesha. Simu nyingine huiweka pembeni au chini ya kioo. Mpangilio unatofautiana, kazi ni ileile.

Kwa nini uisahihishe simu wakati imeshapima? Kwa sababu haijui inaangalia nini. Mita za kamera, yaani vipima mwanga vyake, zimejengwa juu ya dhana kwamba sehemu inayopimwa, ukiichanganya yote, ni kijivu cha wastani, kile ambacho wapigapicha wamezoea kukiita kijivu cha asilimia 18. Ipe ukuta mweupe na shati jeupe, itadhani mwanga umezidi, ipunguze, na shati litatoka kijivu kama halijafuliwa. Ipe suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, itadhani kuna giza, iongeze, na suti itapauka huku uso ukiungua, yaani ukiwa mweupe mno hadi sura ipotee. Kwa hiyo kanuni inakwenda kinyume na unavyotarajia: pakiwa peupe, pandisha, pakiwa peusi, shusha. Ndivyo ilivyo pia kwa mwezi. Simu inaona anga jeusi, inajaza mwanga, na mwezi unakuwa doa lisilo na sura. Gusa mwezi wenyewe, shusha mpaka madoa yake yaonekane. Msanii jukwaani chini ya taa kali naye ni hivyohivyo.

Mtihani wenyewe uko kwa mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe, na wengi wetu tuko hapo. Simu ikipima shati, uso unazama. Ikipima uso, shati linaungua na mikunjo yote inapotea. Mimi nafanya hivi. Nagusa shavu, nashikilia mpaka ifunge, kisha nashusha mwanga kidogokidogo huku macho yakiwa kwenye shati, si kwenye uso. Mishono na vifungo vikianza kurudi, nasimama hapohapo. Uso utakuwa umefifia kiasi, lakini upo, na utainuliwa baadaye kwenye kuhariri. Na mara nyingi hata hilo halihitajiki ukimgeuza mtu kidogo uso wake utazame mwanga unakotoka. Kumgeuza mtu ni bure, na kunashinda programu zote za kuhariri ninazozijua.

Nashusha badala ya kupandisha kwa sababu sehemu iliyoungua haina kitu ndani yake. Ukiivuta kwenye kuhariri utapata kijivu tupu. Sehemu yenye giza ina taarifa zimejificha, ingawa ukizivuta sana zitakuja na chenga, vile vidoadoa kama mchanga. Kwa hiyo shusha kwa kiasi. Simu zinazoonyesha namba zitakusaidia: +1 ni mwanga mara mbili, −1 ni nusu. Mimi mchana wa jua huwa kwenye −0.3 au −0.7. Kuanzia iPhone 11 unaweza kuiweka namba hiyo ikae, na kwenye mipangilio ya kamera kuna pa kuiambia isiisahau ukifunga programu.

Mfano mmoja wa karibu. Mpwa wangu amekaa kwenye kiti, dirisha liko nyuma yake. Bila kugusa chochote, napata kivuli cha mtu na dirisha zuri. Nagusa paji la uso: yeye anaonekana, dirisha linalipuka, pazia halipo tena. Nateremsha jua la kwenye kioo polepole. Kwanza inarudi fremu ya dirisha, kisha pindo la pazia, kisha mikunjo yake. Hapo uso umeanza kuingia giza chini ya macho, kwa hiyo napandisha kidogo, nakubali kupoteza mikunjo ya juu kabisa, napiga. HDR ya simu itanisaidia kwa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja, ila haiwezi kuchagua kati ya pazia na mtoto.

Baadhi ya simu, zikiwemo nyingi za Huawei, zinakurahisishia: ukibonyeza na kushikilia, vinatokea viduara viwili, kimoja cha fokasi na kingine cha mwanga, nawe unakiburuta kila kimoja unakotaka. Jaribu kwenye yako kabla ya kudhani haina.

Mwanga unaouongeza unatoka wapi

Tundu la lenzi kwenye simu karibu zote halibadiliki. Kwa hiyo ukipandisha lile jua, simu ina njia mbili za kulipia: kuacha shata (mlango wa mwanga wa kamera) wazi kwa muda mrefu zaidi, au kupandisha ISO, yaani kuikuza nguvu ya mwanga ulioingia. Ya kwanza inaleta mtikisiko, ya pili inaleta chenga. Chumbani usiku utapata vyote viwili.

Hapo ndipo watu hulaumu fokasi kwa kosa lisilo lake. Kuza picha uangalie. Kama mtu ana ukungu lakini kabati nyuma yake limetoka kali, fokasi ilikwenda kwenye kabati. Kama mkono umechora mstari na mengine yametulia, mtu alisogea. Kama kila kitu kimevutwa upande mmoja, wewe ndiye uliyetikisika: bana viwiko ubavuni, egemea ukuta.

Kwa anayesogea, ingia kwenye hali ya Pro, unapopanga mambo kwa mkono, ambayo simu nyingi za Android zinayo. Kwenye iPhone utahitaji programu nyingine. Weka shata 1/250 ya sekunde au kasi zaidi kwa watoto wanaokimbia, ISO uiachie simu. Ukiona mistari ya giza ikikatiza picha chini ya taa za LED, jaribu 1/50 au 1/100 penye umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 penye hezi 60. Humo pia kuna fokasi ya mkono, mstari wenye ua upande mmoja na mlima upande wa pili, na baadhi ya simu hupaka rangi kingo za kitu kilichoingia kwenye fokasi. Naitumia kupiga kupitia wavu au kioo cha dirisha, ambapo simu hung'ang'ania wavu wenyewe.

Na kabla hujamruhusu mtu ainuke kwenye kiti, kuza picha mpaka jicho lijaze kioo. Kope zikihesabika moja moja, mwache aende. Zikiwa zimeshikamana, angalia sikio. Mara nyingi utakuta fokasi imekaa huko.