Aliyezama ziwani apewe pumzi kwanza

Mtu akitolewa majini hapumui, mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, husikika sauti moja: "Mtoeni maji!" Wengine humlaza kifudifudi na kumkandamiza tumbo, wengine humshika miguu na kumning'iniza kichwa chini. Maji yanatoka kweli, na watu wanapata moyo. Lakini maji hayo yanatoka tumboni. Mapafu hayajapata chochote, na dakika zimekwisha kwenda. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi.

Ili ujue kwa nini pumzi hutangulia, elewa kwanza tunavyopumua. Pafu halina msuli wa kujivuta lenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kikishuka na mbavu zikiinuka, nafasi ya kifua hupanuka na hewa huingia. Vikilegea, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huvuta kama nusu lita. Hewa hupita kwenye koo la hewa, hugawanyika katika mirija inayozidi kuwa myembamba, na huishia kwenye vifuko vidogo sana vinavyohesabika kwa mamilioni. Humo ndimo oksijeni huingia kwenye damu, na hewa ukaa hutoka.

Ile hamu kali ya kuvuta pumzi ukiwa umeibana husababishwa zaidi na hewa ukaa inayojaa kwenye damu kuliko na upungufu wa oksijeni. Ndiyo maana anayezama, hata ajikaze vipi, hufika mahali mwili humlazimisha kuvuta, na anachovuta ni maji. Maji yakigusa nyuzi za sauti, koo huweza kujibana, kwa hiyo mara nyingi yanayofika kwenye mapafu si mengi. Tena maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, yaani hayana chumvi, na maji ya namna hiyo hunyonywa upesi kutoka mapafuni kwenda kwenye damu. Hakuna ndoo ya maji kifuani inayosubiri kumwagwa.

Madhara yake ni mengine. Vifuko vya hewa vina utando laini unaofanya kazi kama sabuni na kuvizuia visigandamane. Maji ya ziwa huuharibu. Chukua mfuko mwembamba wa nailoni, uloweshe ndani, kisha jaribu kuufungua: kuta zimeshikana. Vifuko vya mapafu hufanya vivyo hivyo, na kinachovifungua tena ni hewa inayosukumwa kwa nguvu ya kiasi. Moyo wa aliyezama husimama kwa sababu oksijeni imekwisha. Ukikandamiza kifua bila kupuliza, unazungusha damu isiyobeba kitu.

Namna ya kufanya

Mlaze chali mahali pakavu na pagumu. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Asipoitika, weka kiganja kimoja kwenye paji la uso na vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kisha inamisha kichwa nyuma na uinue kidevu. Usiruke hatua hii. Aliyepoteza fahamu ulimi wake huangukia nyuma na kuziba njia, na hapo ungepuliza mpaka kesho hewa isipite. Kama alijirusha kichwa mbele kutoka kwenye majabali, na Mwanza majabali yako kila mahali, huenda shingo imeumia. Hapo jaribu kusukuma taya mbele bila kukunja shingo, lakini njia isipofunguka, inamisha kichwa. Pumzi ina haki kuliko shingo.

Ondoa mchanga au magugu maji unayoyaona mdomoni. Usichokoe usichokiona. Tazama kifua na usikilize kwa sekunde zisizozidi 10. Mkoromo wa hapa na pale, kama samaki anavyotweta juu ya mchanga, si kupumua. Wengi huuona wakasema "yu hai, mwacheni apumzike", na huo ndio mkoromo wa moyo unaosimama.

Bana pua, funika mdomo wake wote kwa wako, na mpulizie pumzi 5. Kila moja ichukue sekunde moja, na ipulize hadi uone kifua kinainuka, basi. Pumzi unayotoa bado ina oksijeni kama asilimia 16 (hewa ya nje ina 21), nayo inamtosha. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa na ubane pua vizuri. Kupuliza kwa nguvu nyingi hupeleka hewa tumboni, naye atatapika.

Asipoanza kupumua, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Usiweke kwenye chembe ya moyo. Weka kiganja cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza sentimita 5 hadi 6, na uache kifua kirudi chote kila mara. Mwendo ni 100 hadi 120 kwa dakika. Mara 30, kisha pumzi 2, kisha 30 tena. Badilishaneni kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mtu hajakubali kwamba amechoka. Msiache mpaka apumue, wahudumu wafike, au nguvu ziwaishie.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hufunikwa mdomo na pua kwa pamoja, kichwa kikiwa sawa bila kuinamishwa sana, na hupewa pumzi ndogo ya kujaza mashavu tu. Kifua chake hukandamizwa kwa vidole, theluthi ya unene wake.

Mwingine apige simu 114, Zimamoto na Uokoaji. Kama uko peke yako, fanya kwanza dakika moja ya kupuliza na kukandamiza, ndipo upige.

Yanayowatia watu hofu

Povu jeupe litatoka mdomoni na puani, pengine jingi. Ni maji, hewa na ule utando wa mapafu vilivyochanganyika. Usihangaike kulifuta, puliza juu yake. Matapishi ni jambo jingine: mgeuze ubavu upesi, safisha, mrudishe chali, endelea.

Ndani ya mtumbwi unaoyumba ni vigumu kukandamiza sawasawa. Puliza tu njiani, pumzi moja kila sekunde 5 au 6, na anza kukandamiza mara mkigusa nchi kavu au mkipata sakafu imara. Kama mnaogopa mdomo kwa mdomo, BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, iweke barakoa ya kupulizia yenye vali kwenye ofisi yake. Asiyeweza kabisa kupuliza na akandamize kifua tu. Ni pungufu sana, lakini ni bora kuliko kusimama.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Hata akisema yuko sawa apelekwe hospitali, iwe Sekou Toure, Bugando, au kituo cha karibu chenye oksijeni kama mko visiwani. Ule utando haurudi papo hapo, na mapafu yanaweza kuanza kushindwa saa kadhaa baadaye. Anayekohoa mfululizo, anayepumua zaidi ya mara 20 kwa dakika akiwa ametulia, au anayesinzia ovyo, asilale nyumbani. Kwa ngozi nyeusi usitafute weusi wa bluu usoni. Angalia ulimi, ndani ya midomo na chini ya kucha.

Na kabla ya yote hayo, asiyefunzwa kuokoa asijitose majini. Anayezama hukumbatia chochote, na wawili huzama pamoja. Mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri na kufungwa kamba ya mita 15 hivi. Dumu hilo likae ndani ya mtumbwi kila usiku wa dagaa, kamba ikiwa imekunjwa tayari.