Mkaa wa vifuu: choma na moshi wake

Vifuu vya nazi havikati mti wa mtu. Lakini ukivichoma kwenye pipa lililo wazi, ule moshi mweupe mzito unabeba methane, gesi ambayo kilo kwa kilo inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kabonidayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Nilipoanza hapa Mbagala nilichoma hivyohivyo, nikijisifu mwanamazingira, mpaka jirani akaja kaziba pua kwa kanga.

Hatua ya 1: kusanya karibu. Wauza nazi na mama ntilie wa mtaani wanatosha, na guta moja linabeba. Ukikodi kirikuu hadi Mkuranga, umeunguza petroli ili upate mkaa. Anika mpaka vifuu vikigongana vilie ko-ko. Makumbi ya madafu yana maji mengi. Nayakausha kwa ajili ya kuwashia tu.

Hatua ya 2: mapipa mawili. Kazi yote iko hapa. Tafuta pipa la lita 200 na jingine dogo linaloingia ndani yake. Lililobeba kemikali usiliguse. Toboa matundu chini ya lile dogo, lijaze vifuu, lifunike kabisa, liweke juu ya mawe matatu ndani ya kubwa. Pipa kubwa nalo litoboe pembeni, chini, hewa ipite. Zungushia makumbi makavu, washa. Joto likikolea, moshi wa vifuu hauna pa kutokea ila matundu ya chini, unaingia motoni na kuwaka. Hapo acha kuongeza makumbi: moshi wenyewe ndio kuni. Miali ya matundu ikizimika, ziba kila upenyo kwa udongo, ulale. Ukifungua ungali moto, mkaa unashika na kuwa jivu. Usimwagie maji, utaanza kukausha upya.

Hatua ya 3: twanga, chekecha, changanya na uji wa muhogo. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa, nusu kilo ya unga wa muhogo hadi kilo moja. Usizidishe, hicho ni chakula. Fyatua vipande.

Hatua ya 4: anika juani. Masika tumia kichanja chini ya nailoni angavu, siyo moto.

Jikoni fungua dirisha. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ya mkaa unaowaka, haina harufu. Kipande kikitoa moshi baada ya kukauka vizuri, vifuu havikuiva: kivunje, kirudi kwenye pipa na mzigo ujao.