Kumwekea mzee simu ya mezani ya laini, huku juu mlimani

Old Moshi, Uru na Kibosho, huku Kilimanjaro, bado utakuta sebuleni simu ya mezani ya waya yenye namba ya 027. Waya ukiibwa au nguzo ikilala, mzee anabaki hana mawasiliano, na watoto wako Dar. Mimi ni fundi, na nyumba kama hizo naziwekea simu ya mezani inayotumia laini ya kawaida, ile kadi ya simu ya mkononi. Ina mkonga uleule, vitufe vikubwa na mlio unaosikika mpaka migombani. Mzee hajifunzi kitu kipya, na kwangu hilo ndilo la kwanza.

Usianzie dukani, anzia mezani pale simu itakapokaa. Mlima wetu umejaa makorongo. Nyumba ya mgongoni inapata mtandao vizuri, ya jirani yake bondeni haipati kitu. Kwa hiyo ukiambiwa mtandao fulani ndio mzuri Moshi, bado hujajua kama unafika kwa bibi yako. Azima laini za mitandao tofauti, uzijaribu moja moja kwenye kitochi. Nasema kitochi kwa sababu: simu nyingi za mezani za aina hii zinatumia 2G tu, yaani mtandao wa zamani, na simujanja inayokamata 4G itakuonyesha neema ambayo mzee hataipata. Usitazame vijiti vya mtandao kwenye kioo. Piga, ongea dakika kadhaa, usikilize kama sauti inakatika. Rudia jioni, watu wanapokuwa wengi hewani.

Ikigoma sebuleni, sogea dirishani upande wa mnara, maana ukuta wa mawe na bati hupunguza mawimbi. Bado ikigoma, tafuta simu yenye tundu la antena, na antena yenyewe uipandishe juu ya paa.

Simu ya waya ilipata umeme wake kupitia waya huohuo, ndiyo maana ililia hata nyumba ikiwa gizani. Hii mpya inategemea soketi, basi nunua yenye betri ndani. Ukiwa bado dukani chomoa chaja katikati ya maongezi, ikizima, irudishe.

Laini asajili mzee mwenyewe, kwa namba yake ya NIDA na alama za vidole. Vidole vilivyoshika jembe miaka yote wakati mwingine mashine haivisomi. Msivunjike moyo: vioshwe, vikaushwe, kijaribiwe kidole kingine. Kisha piga *106# uhakikishe usajili umekaa kwa jina lake. Akaunti ya pesa usiifungue kwenye laini hiyo. Simu ya sebuleni inashikwa na kila anayeingia.

Namba ya 027 haitahamia kwenye laini. Huduma ya kuhama na namba, iliyoanza 2017, ni ya mitandao ya simu za mkononi. Kama waya bado unafanya kazi, usiukatishe kwanza. Ziache zote mbili mpaka parokia, zahanati, majirani na ndugu walio nje wawe wamepiga namba mpya na kumpata. Iandike kwa herufi kubwa, uibandike ukutani pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Halafu vocha. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa, na namba akapewa mtu mwingine. Mjukuu mmoja, atajwe kwa jina, awe anamtumia bibi salio kila mwezi, na bibi naye awe anapiga, si kupokea tu.