Nyanya za Jerikeni Zinachanua Bila Kuzaa: Anza na Ua Lililoanguka

Nyanya ya kwenye jerikeni ikichanua bila kuzaa, wengi hukimbilia kuiongezea mbolea, na mara nyingi hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Kabla ya kumwaga chochote, okota ua lililoanguka utazame kikonyo chake.

Kikonyo hicho kina kifundo kidogo katikati. Ua lililoshindwa kutunga tunda huanza kugeuka njano kwenye kifundo, kisha hukatika papo hapo, safi kama limepitiwa na wembe. Maana yake mmea wenyewe umeliacha: ama chavua, yaani unga wa uzazi wa ua, haikufika, ama joto, maji au mbolea haviko sawa. Ua likikauka na kuwa kahawia huku bado limeshikilia tawi, fikiria zaidi ukungu au wadudu. Tena usichanganye petali na ua. Petali zikinyauka na kudondoka, zikaacha kitu cha kijani chenye ukubwa wa choroko, hilo tayari ni tunda. Kichala cha kwanza kabisa kikipukutika kwenye mmea mchanga, kiache, subiri cha pili na cha tatu.

Chavua inatoka?

Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, kwa hiyo hata mmea mmoja barazani unaweza kuzaa. Ila chavua imefungiwa ndani ya koni ya njano, na haimwagiki vizuri mpaka ua litikiswe. Shambani upepo hufanya kazi hiyo, pamoja na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, ambao hulishika ua na kulitetemesha. Nyuki wa asali hawana ufundi huo. Uani kwa watu wa Kampala, kati ya ukuta na nyumba ya jirani, upepo wenyewe huwa haba.

Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na mvua, weka kisahani cheusi au kipande cha plastiki nyeusi chini ya ua lililofunguka kabisa, petali zikiwa zimekunjwa nyuma. Piga kikonyo kwa kidole mara tatu au nne. Ukiona unga wa njano kwenye kisahani, chavua ipo, kilichokosekana ni mtikisiko. Basi kila siku, au angalau kila baada ya siku moja, gonga shina nyuma ya kila kichala kwa kijiti au mpini wa kijiko kwa sekunde chache. Mwenye mswaki wa umeme auguse kwenye kikonyo, si kwenye ua lenyewe. Usichelewe, maana ua hubaki tayari kwa siku mbili tatu tu.

Unga usipoonekana, rudia mchana siku inayofuata, jua likiwa limekausha maua. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, unyevu hugandisha chavua. Nafasi kati ya jerikeni na jerikeni iwe nusu mita au zaidi, ondoa majani ya chini yaliyosongamana, na mwagilia udongo, si majani.

Unga ukikosekana hata siku kavu, tafuta kosa kwenye joto. Mchana ukipita nyuzi 32 au usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, chavua hudhoofika. Kampala hali hiyo si ya kawaida kwenye hewa ya wazi, lakini Gulu na Arua, kaskazini mwa Uganda, huifikia mchana wa Januari na Februari, na jerikeni lililoegemea ukuta karibu na mabati huwa na joto lake peke yake. Chungulia ncha ya koni: kama kijiuzi cha kijani kimechomoza nje, ua limeteswa na joto au limekosa mwanga, na chavua yake haiangukii mahali pake. Sogeza chombo mbali na ukuta, kiinue juu ya matofali kisiguse sakafu ya saruji, na kuanzia saa sita tundika chandarua chepesi cha kivuli. Kabale, kwenye milima ya kusini-magharibi, ni kinyume: usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 chavua hukwama kwa baridi, hivyo ukuta unaotunza joto la jua ni msaada.

Mbolea na maji

Majani ya kijani kibichi sana, shina nene, ncha za juu zimejikunja ndani, maua machache: naitrojeni imezidi. Chanzo huwa yurea, au mbolea ya kuku iliyotiwa ikiwa mbichi. Acha mbolea zote kwa wiki tatu. Mwagilia lita 20 polepole, kwa awamu mbili, maji yatoke chini na kuondoka na chumvi. Baadaye rudi na NPK 17-17-17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa jerikeni la lita 20 kila wiki mbili, ukiizungushia sentimita 6 hivi kutoka kwenye shina, halafu maji. Majivu ya kuni huongeza potasiamu: kijiko kimoja cha mezani kwa mwezi kinatosha, na kamwe usiyatie pamoja na yurea au samadi, kwani naitrojeni hupotea hewani.

Jerikeni moja, mmea mmoja. Miwili ndani ya lita 20 ni ubahili usiolipa. Toboa chini matundu matano au sita ya upana wa sentimita moja. Mmea mkubwa kiangazi hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku. Kidole kikiingia hadi kifundo cha pili bila kukuta unyevu, umechelewa. Kukauka kabisa leo kisha kufurika kesho hupukutisha maua haraka. Tandaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba juu ya udongo.

Jua la moja kwa moja lisipungue muda wa saa sita kwa siku. Chini ya mwembe usitegemee matunda.

Angalia pia aina. MoneyMaker hurefuka, punguza machipukizi ya kwapani, yanayoota kati ya jani na shina, ubakishe shina moja au mawili. Cal J, Roma na Rio Grande ni fupi, na kila tawi huishia kwenye maua. Ukizipogoa kama MoneyMaker, umekata mavuno.

Kung'uta maua machache juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vya milimita moja vikikimbia, ni thripsi: nyunyizia jioni maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, rudia baada ya siku tano. Majani yakiwa madogo, ya njano kingoni na yamekunjika juu, huo ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na inzi weupe. Ng'oa.

Baada ya kurekebisha, usihukumu kwa vichala vilivyopo. Subiri vinavyofuata, wiki mbili hivi. Ua likishika, kikonyo hubaki kijani na kunenepa, na nyanya huiva siku 45 hadi 60 baadaye.