Seva ya Linux ikigoma: mambo ya kuangalia kabla hujaiwasha upya

Seva ikigoma na simu zikaanza kumiminika, mkono wa kwanza huenda kwenye kitufe cha kuzima. Uzuie. Ukiwasha upya unapoteza ushahidi: programu iliyokuwa inakula RAM imeshakufa, faili lililofutwa lakini bado limeshikwa na programu limeachiwa, na hali ya mfumo wakati wa tatizo haipo tena. Seva itarudi, kila mtu atashukuru, na baada ya siku tatu itagoma tena kwa sababu ileile. Ukiweza kuingia, anza na amri hizi. Zote zinasoma tu, hazibadilishi chochote:

```
uptime
free -h
df -h
df -i
systemctl --failed
journalctl -p err -b --no-pager | tail -50
```

Hakikisha pia kwamba folda `/var/log/journal` ipo. Isipokuwepo, na mipangilio ya journald (huduma inayokusanya logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo) ikiwa ya kawaida, logi zake zinakaa kwenye RAM na kufutika kila seva inapozimika. Itengeneze kwa `sudo mkdir -p /var/log/journal`, kisha `sudo systemctl restart systemd-journald` na `sudo journalctl --flush`. Fanya leo, seva ikiwa nzima.

Saa ya mteja na saa ya seva

Mtu akisema mfumo ulikufa saa mbili usiku, usitafute saa mbili kwenye logi. Tafuta 20:00. Na kama seva ni ya kukodi na inatumia UTC (saa ya kimataifa), tafuta 17:00, kwa kuwa Dar es Salaam iko mbele ya UTC kwa saa 3 mwaka mzima. Ni jambo dogo, lakini ukisoma logi za saa isiyo yake utamlaumu asiyehusika. `timedatectl` itakuonyesha seva inafuata saa ya wapi. Ukitaka ifuate saa ya hapa:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Mstari wa pili usiuruke, maana cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) huendelea na saa ya zamani mpaka iwashwe upya. Kusoma logi za muda fulani, andika tarehe nzima: `journalctl --since "2025-03-14 19:50" --until "2025-03-14 20:15"`.

Umeme umekatika, umerudi, seva haijarudi

Kwa seva iliyopo ofisini hapa mjini, hapa ndipo pa kuanzia. Thibitisha kwanza: `last -x | head -20`. Orodha huanza na ya karibuni, hivyo kama chini ya mstari wa `reboot` hakuna mstari wa `shutdown`, seva haikuzimwa kwa utaratibu. Ilikatikiwa umeme au iliganda. Kisha `journalctl -b -1 -e` itakuonyesha mwisho wa logi za safari iliyopita. Logi ikiishia katikati ya kazi, bila mistari ya huduma kusimamishwa moja baada ya nyingine, jibu ni lilelile.

Seva ikiwaka lakini ikakwama kwenye skrini ya "emergency mode", mshukiwa wa kwanza ni `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa (mount) mfumo unapowaka. Mara nyingi kuna diski ya nje ya bakapu iliyoandikwa humo, kisha mtu akaichomoa. Mfumo huisubiri kwa sekunde 90, ukikata tamaa unakataa kuendelea. Ingia kwa nywila ya root (msimamizi mkuu), tazama `journalctl -xb`, linganisha UUID (namba za utambulisho wa diski) za `blkid` na zilizo kwenye fstab, kisha andika hivi:

```
UUID=xxxx-xxxx /mnt/bakapu ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2
```

Jaribu kwa `systemctl daemon-reload` na `mount -a` kabla ya kuwasha upya. Kwenye Ubuntu akaunti ya root kwa kawaida imefungwa, hivyo skrini hiyo inaweza kukukatalia kabisa. Utahitaji flashi yenye mfumo wa kuwashia. Weka moja ndani ya kabati la seva, isiazimwe na mtu.

`nofail`, inayouruhusu mfumo kuendelea bila diski hiyo, ina mtego wake. Diski isipokuwepo, skripti ya bakapu itaandika kwenye folda tupu ya `/mnt/bakapu`, yaani kwenye diski kuu, mpaka ijae. Mwanzoni mwa skripti weka `mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`.

Dalili nyingine ni "Read-only file system". Keneli (kiini cha Linux) ikikuta hitilafu kwenye mfumo wa faili wa ext4, mara nyingi huifanya isomeke tu ili uharibifu usiendelee. Usikimbilie `mount -o remount,rw`, kwa kuwa unaondoa kinga huku tatizo lipo palepale. Soma kwanza:

```
dmesg -T | grep -iE 'ext4|xfs|i/o error'
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Ukiona "I/O error", na kwenye smartctl namba za `Current_Pending_Sector` au `Reallocated_Sector_Ct` zinapanda, diski inakufa. Kwa diski za NVMe angalia `Media and Data Integrity Errors`. Nakili data kwanza, ukarabati ufuate. Kama diski ni nzima na mfumo wa faili pekee ndio umechanganyikiwa, tengeneza kwa `e2fsck -f` kwa ext4 au `xfs_repair` kwa XFS, kila mara ikiwa haijapachikwa. Kuendesha fsck (ukaguzi wa mfumo wa faili) kwenye partisheni, yaani sehemu ya diski, inayotumika ni kuiharibu kwa mikono yako. Kwa partisheni kuu ya ext4, kwenye menyu ya GRUB (inayotokea seva inapowaka) bonyeza `e`, ongeza `fsck.mode=force` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, uendelee.

Hifadhidata ni ya kuvumiliwa. MySQL na MariaDB, kwa jedwali za InnoDB (aina yao ya kawaida), hujitengeneza zenyewe zikiwashwa baada ya kukatikiwa, na kama kulikuwa na kazi nyingi hilo linaweza kuchukua dakika nyingi. Fuatilia logi yake, usiiue kwa `kill -9`, na usifute `ib_logfile0` au folda ya `#innodb_redo` eti "ianze upya". Ikishindikana kabisa, nakili folda nzima ya data pembeni kwanza, halafu tumia `innodb_force_recovery` ukianzia 1 na kupanda hatua moja moja. Kuanzia 4 kwenda juu unaweza kupoteza data moja kwa moja.

Kama baada ya umeme kurudi vyeti vya TLS (vya usalama wa mawasiliano) vinakataliwa kwa madai kwamba muda wake haujaanza, tazama tarehe. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032 ya volti 3, imekwisha na saa imerudi miaka nyuma. Rekebisha kwa `sudo chronyc makestep`, kisha nunua betri, Kariakoo zimejaa.

Na UPS, betri ya akiba ya umeme? UPS isiyounganishwa na seva kwa waya wa USB inaahirisha tu kuanguka. Sakinisha NUT (programu ya kufuatilia UPS), jaribu `upsc jina@localhost`, na uhakikishe seva inajizima yenyewe UPS inapofika `OB LB`, yaani iko kwenye betri na betri inaishia. Kumbuka pia kwamba kiyoyozi kwa kawaida hakipo kwenye UPS. Seva inaendelea kufanya kazi kwenye chumba kilichofungwa, na kwa joto la Dar la Januari na Februari chumba kidogo hupanda haraka. Ukiona seva nzito kila umeme unapokatika ingawa haizimiki, endesha `sensors` wakati huo.

Diski imejaa, au inasema imejaa

`df -h` ikionyesha 100%, tafuta mlaji kwa hatua:

```
sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h | tail
sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h | tail
```

`-x` inakuzuia kuhesabu diski nyingine. Mara nyingi utaishia `/var/log`, `/var/lib/mysql` au `/var/lib/docker`. Logi za journald zipunguze kwa `sudo journalctl --vacuum-size=500M`, kisha weka `SystemMaxUse=500M` kwenye `/etc/systemd/journald.conf`. Binlogi (kumbukumbu za mabadiliko ya data) za MySQL usizifute kwa `rm`; ingia ndani ya MySQL utumie `PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 7 DAY;`, baada ya kuhakikisha hakuna seva rudufu inayozisubiri. MySQL 8.0 huzihifadhi siku 30 usipoibadilisha, na kwa diski ya GB 40 hizo zinaweza kuwa nyingi mno.

Kuna hali mbili zinazowasumbua hata wazoefu. Ya kwanza: `du` inasema GB 20, `df` inasema GB 40. Mtu amefuta logi kubwa huku programu ikiwa bado imeishika, na nafasi hairudi mpaka iiachie. `sudo lsof +L1` itakuonyesha faili, ukubwa wake na programu inayolishika. Washa upya huduma hiyo moja tu. Siku nyingine, badala ya `rm`, tumia `truncate -s 0` kwenye logi inayoandikwa.

Ya pili: nafasi ipo tele, lakini kila kitu kinalalamika "No space left on device". Hapo ndipo `df -i` inapokuokoa. Inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili, kila faili hutumia moja) zimeisha, kwa sababu ya mamilioni ya mafaili madogo: seshi za PHP, au foleni ya barua pepe iliyokwama. Yapate kwa `sudo du --inodes -xS / | sort -n | tail`. Mafaili yakiwa mengi sana `rm *` itakataa kwa kuwa orodha ni ndefu. Tumia `find /njia/ya/folda -type f -mtime +7 -delete`, na uendeshe kwanza bila `-delete` uone itakachogusa.

Kwa diski ya data peke yake, fahamu kwamba ext4 hutenga 5% kwa ajili ya root. Kwenye GB 500 hizo ni GB 25. `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1` inakurudishia nyingi. Partisheni ya mfumo iache ilivyo. Akiba hiyo ndiyo inayokuwezesha kuingia diski ikijaa.

Huduma inakufa yenyewe usiku

Kama MySQL inakutwa imekufa bila kosa lolote kwenye logi yake, uliza keneli: `journalctl -k | grep -iE 'out of memory|killed process'`. RAM ilipoisha, keneli ilichagua mlaji mkubwa ikamuua. Aliyeuawa mara nyingi siye mkosaji. Kwenye seva za wavuti mkosaji mara nyingi ni PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP) iliyoruhusiwa kuzaa michakato mingi. Piga hesabu: RAM GB 4, ondoa GB 1.5 za MySQL na mfumo, zinabaki 2.5. Kila mchakato ukila MB 60, `pm.max_children` isizidi 40. Ukubwa halisi wa mchakato upime kwa `ps -C php-fpm8.3 -o rss,cmd`, ukiweka namba ya toleo lako. Kwenye `free -h` soma safu ya `available`. Ile ya `free` kuwa ndogo ni kawaida, Linux hutumia RAM iliyobaki kuhifadhi mafaili.

Mzigo wa `uptime` ukizidi namba ya `nproc` kwa muda mrefu, endesha `vmstat 1 5`. `wa` ikiwa juu, diski ndiyo inayochelewesha. `st` ikiwa juu kwenye seva ya kukodi, mwenye mashine amewajaza wapangaji, na hakuna amri yako itakayosaidia.

SSH imekataa

Ukiingia seva kwa mbali kwa SSH, "Connection refused" maana yake mashine, au fayawoli iliyo mbele yake, imekujibu, lakini mlango huo haupokei. "Connection timed out" ni kimya: fayawoli inatupa pakiti, mashine imezimika, au njia imekatika. "Permission denied (publickey)" ni ufunguo au ruhusa za mafaili: `~/.ssh` iwe 700, `authorized_keys` iwe 600, na folda ya nyumbani isiandikike na wengine.

Ukibadilisha mipangilio, endesha `sudo sshd -t` kwanza, na usifunge dirisha ulilonalo mpaka la pili lifunguke. Kwenye Ubuntu 24.04 ukibadilisha namba ya poti, kuwasha upya `ssh` hakutoshi. Endesha `systemctl daemon-reload` kisha `systemctl restart ssh.socket`.

Seva nzima, njia mbovu

Kabla ya kugusa chochote kwenye seva iliyopo nje, pima njia: `mtr -rwc 50 anwani`. Upotevu ukianza kwenye hatua moja na kuendelea mpaka mwisho, tatizo liko hapo. Ukionekana hatua ya katikati tu huku ya mwisho ni safi, upuuze. Ruta hiyo inabana majibu yake yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoathirika, na siku kama hiyo kuwasha upya seva iliyopo Ulaya hakubadilishi kitu. Jaribu kufungua tovuti iliyohifadhiwa hapahapa nchini. Ikifunguka haraka huku za nje zinasuasua, waandikie wateja wako hivyo, na seva iache iendelee na kazi yake.