Pima kasi ya ubongo wa mtoto kwa rula

Mnahitaji rula ya sentimita 30 na watu wawili. Kama mko barazani na kusi inavuma, ingieni ndani, maana rula ya plastiki ni nyepesi na upepo huipeleka upande.

Mtoto aegemeze mkono mezani, vidole vikitokeza nje ya ukingo, gumba na cha shahada vikiachana sentimita 2 hivi. Mkubwa ashike rula kwa juu, sifuri ikiwa baina ya vidole bila kuvigusa. Aiachie ghafla, na mtoto aidake upesi kwa vidole hivyo viwili. Msihesabu "moja, mbili, tatu": ubongo hubahatisha na kipimo chote huharibika. Someni alama iliyo juu ya gumba. Sentimita 10 ni sekunde 0.14, 15 ni 0.17, 20 ni 0.20. Rudieni mara 5, mchukue jibu la katikati.

Ndani ya muda huo mfupi, habari imetoka jichoni kwa neva hadi kisogoni, ubongo ukaielewa, kisha amri ikashuka kupitia uti wa mgongo mpaka kwenye misuli inayokunja vidole. Mingi ya misuli hiyo iko kigashani! Mtoto ajishike hapo huku akikunja vidole, ataihisi ikicheza.

Sasa afumbe macho, na anayeachia rula amguse bega papo hapo. Mara nyingi atadaka mapema zaidi, kwa sababu jicho huchukua muda kugeuza mwanga kuwa ishara za umeme.